Lag ya Jumamosi Saa Tisa

Kimani, aliyekuwa kapteni wa timu yetu ya gemu, ndiye aliyenipigia kuniambia Mama Wangui ametuacha. Nilikuwa Ruiru, juu ya ngazi, nimebana waya kwa meno, kwa sababu kazi yangu mpaka leo ni kuwekea watu intaneti kwa manyumba. Na kitu cha kwanza kilichonitoka mdomoni hakikuwa pole. Nilimwuliza, "Wafula ameambiwa?" Kimani akasema, "Haiya! Nyambura, mimi nakuambia mtu amekufa, wewe unaniuliza ya Wafula?" Nikamwambia pole, nikashuka ngazi, nikaketi kwa stuli ya mteja. Mama Wangui alikuwa mwenye nyumba tuliyokaa Ngoingwa, hapo Thika, miaka tisa iliyopita, mwaka mmoja tu. Wafula ni mtu niliyemharibia jina mwaka huo huo, katika nyumba hiyo hiyo. Nilikuja kujua nimemkosea, na nikanyamaza. Sasa mama amekufa, na mazishi ni mahali ambapo watu hukutana wapende wasipende.

Mambo ya nilizaliwa wapi na nilisomea wapi hayana kazi hapa. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina diploma ya mambo ya mitandao, sina kazi, na nilikuwa najiona mjanja kuliko watu wote wa Thika wakiwekwa pamoja. Kimani alikuwa amekodi vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Mama Wangui. Kimoja tulilala sisi wenye hatukuwa na nauli ya kurudi kwetu kila siku, mimi nyuma ya pazia. Kingine kilikuwa cha kompyuta nne, meza za mbao ambazo hazikulingana urefu, na dirisha moja lililoangalia jikoni ya mama. Ukuta ulikuwa mwembamba hivi kwamba mama akikoroga chai, unasikia kijiko. Harufu ya githeri yake, mahindi na maharagwe, ilikuwa inaingia kwetu bila kubisha hodi, na saa saba mchana angegonga dirisha na mpini wa mwiko: "Nyinyi watoto wa kompyuta, mtakula macho ama mtakula chakula?" Tulikuwa tunakula, tena sana. Nikikumbuka huo mwaka, mdomo wangu unakumbuka kwanza, halafu ndiyo roho inafuata, na roho haiji na utamu wowote.

Gemu yenyewe ilikuwa ya kupigana kwa bunduki, watu watatu dhidi ya watatu, na mlicheza mkiwa kila timu kwao, mmeunganishwa na seva iliyokuwa Nairobi. Kulikuwa na ligi. Mechi zilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, na timu mbili za juu za eneo letu zingeenda kucheza fainali hapo Ruiru, uso kwa uso, na wenye kushinda wangeandikwa kazi mwaka mzima na kampuni iliyokuwa inadhamini. Kwa Kimani hiyo ilikuwa ndoto. Kwa Kariuki, mchezaji wetu wa tatu, ilikuwa njia ya kuacha kuosha magari. Mimi nilikuwa fundi wa mtandao na mchezaji wa akiba, yaani mtu wa kukaa kwa benchi akipiga makofi. Lakini kwa Wafula ilikuwa kitu kingine kabisa. Baba yake alikuwa amefanya kazi kiwandani Thika tangu ahamie kutoka Lugari akiwa kijana, mzee wa kanisa, mtu wa neno moja. Alikuwa amemwambia Wafula: nakupa mpaka mwisho wa mwaka na hiyo michezo yako. Ukiniletea kitu cha kuonekana, nitakuwa wa kwanza kukupigia makofi. Ukikosa, kuna nafasi kiwandani nimekuwekea, na hatutaongea tena hayo mambo. Wafula alituambia hivyo siku ya kwanza, anacheka, na macho hayacheki.

Na alikuwa anacheza, jamani. Mimi nimeona watu wakicheza, lakini huyo kijana alikuwa anasikia hatua za adui kabla hazijapigwa. Mrefu, mpole, anakaa kama mtu anayeomba ruhusa ya kukaa. Ndiye peke yake aliyekuwa anarudisha sahani kwa mama zikiwa zimeoshwa. Kabla ya kila mechi angepitia jikoni kumsalimia, aulize magoti yanaendeleaje, kisha aingie aketi kiti cha karibu na dirisha. Kiti hicho tulikiita cha Wafula na hakuna mwingine alikikalia.

Jumamosi ya kwanza ya ligi, saa tisa na dakika kumi, tukiwa mbele, mambo yakasimama, ile wachezaji huita lag. Nieleze hivi kwa wasiojua. Ukibonyeza kufyatua risasi, ujumbe unatoka kwa kompyuta yako, unaenda Nairobi, unarudi. Muda huo wa kwenda na kurudi ndio ping. Ikiwa ishirini, hujui hata kama kuna safari. Ikifika mia sita, unampiga mtu ambaye alishatoka hapo zamani, na yeye alishakuua, ni vile tu habari ya kifo chako haijakufikia. Siku za kawaida ping yetu ilikuwa kumi na nane. Siku hiyo ilipanda mia tatu, mia saba, mia tisa, tukawa tunatembea kwa ukuta kama walevi wa mchana, na tukashindwa. Saa kumi na nusu ikarudi kumi na nane yenyewe. Kimani alinigeukia na uso wa mtu aliyeibiwa. "Fundi," akaniambia, "hii ni nini?" Nikamwambia nipe wiki moja. Sikulala vizuri hiyo wiki, kwa sababu kitu pekee nilichokuwa nacho katika ile nyumba ni kwamba mimi ndiye najua.

Nikanunua daftari la mraba la watoto wa shule na nikaanza kuandika. Jumatatu, kumi na nane. Jumanne, kumi na tisa. Nilitoa wifi kwa kompyuta zote nikavuta waya kwa kila meza, nikakata vichwa vya waya nikavibana upya mpaka vidole vikatoka malengelenge. Nilipima kutoka kompyuta hadi ruta: moja. Kwa hivyo ndani ya nyumba hakuna shida, shida ni kutoka ruta kwenda nje. Nilipigia watu waliotuuzia laini na msichana mmoja akaniambia, "Madam, zima halafu uwashe," nikamwambia dada, mimi nimezima na kuwasha vitu tangu ukiwa darasa la tatu. Nilipanda juu ya mabati na jua la saa sita kuangalia ile sahani ya kupokea mtandao, nikaipanguza vumbi, nikaikaza. Nilifikiria ni shawa za umeme za majirani zinavuta nguvu na ruta inalegea, nikaenda mlango kwa mlango kuwaomba watu wazima wasioge Jumamosi kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Mzee mmoja aliniuliza kama ni Mungu amenituma nilinde maji. Na Jumamosi ikifika, dakika ile ile karibu, mia tano, mia nane. Niliandika kila kitu kwa daftari. Hata niliandika, na nimeliona juzi kwa sababu bado ninalo, "3:05, wanawake wameanza kuimba. 3:10, lag." Jumamosi mbili mfululizo niliandika hivyo. Jumuiya ya kanisa ilikuwa inakutana kwa mama kila Jumamosi, kwa sababu ya magoti yake, hawakuwa wanazunguka nyumba kwa nyumba kama jumuiya zingine. Nilikuwa naziandika zile nyimbo ili nijue saa. Kwa akili yangu ya diploma, kuimba kwa akina mama kulikuwa ni saa ya ukutani.

Tukapoteza mechi mbili kati ya tatu. Tukipoteza moja zaidi, tumetoka. Nyumba ikaanza kuwa na joto baya. Kariuki alikuwa mtu wa kubeti mpira kwa simu, na mtu wa kubeti huona wauzaji wa mechi kila mahali. Siku moja nilikuwa nikisuuza vikombe kwa karai nje, yeye na Kimani wako ndani, na nikasikia Kariuki akisema, "Boss, hii si lag. Hii ni mtu." Kimani akauliza mtu gani. Kariuki akahama akaingia kwa Kikuyu, sauti chini, ndiyo ikiwa Wafula yuko karibu asielewe. Sitatafsiri yote. Maana yake ilikuwa ile ya kila siku: hawa watu wa huko magharibi, huwezi jua roho zao, na lag inakuja tu mechi ikiwa ya maana, na ni nani hupitia nje kabla ya kila mechi? Kimani hakumkatalia. Mimi naye niliendelea kusuuza kikombe kimoja ambacho kilikuwa kimeshatakata. Ningeingia niseme, wee, wacha hiyo maneno. Sikuingia. Na nikiwa mkweli, na huu ni umri wa kuwa mkweli, kuna kitu kilinipunguzia mzigo: ikiwa ni mtu, basi si waya zangu.

Jumamosi ya nne tulikuwa na mechi ya kufa na kupona. Sheria ya Kimani ilikuwa kwamba simu zote zinazimwa na kuwekwa kwenye sufuria ndani ya kabati, bila kubagua mtu. Mimi sikuwa nacheza, kwa hivyo niliketi sakafuni na kompyuta ndogo, nimeingia ndani ya ruta, ukurasa ambao nilikuwa nimeugundua siku mbili kabla, unaoonyesha vitu vyote vilivyoshika mtandao wetu na kila kimoja kinatuma kiasi gani. Kompyuta nne, na yangu ya tano. Saa tisa na dakika saba, nyimbo zimeanza upande wa pili, kikaingia kitu cha sita. Simu. Jina lake limeandikwa wazi: Wafula. Na ilikuwa inatuma, inatuma, inatuma, imejaza laini yote ya kutoka, hakuna hata tundu la kupitisha risasi zetu. Damu ilinipanda kichwani. Niliinua macho, Wafula yuko kwa kiti chake, jasho kwa pua, anapigania maisha yake kwa ping ya mia nane. Nilichoona ni mnafiki. Nilimfungia ile simu hapo hapo, lag ikatoka, na kwa dakika sita zilizobaki yeye mwenyewe ndiye alitushindia hiyo mechi. Mtu aliyeuza mechi, anatushindia. Hata hiyo haikunifanya nifikirie.

Walipotoa vifaa vya masikio, nikasema. Nilisema mbele ya wote, na sauti ya fundi aliyegundua ugonjwa. "Lag ni simu ya Wafula. Nimeona jina." Wafula alinitazama kama sijaongea Kiswahili. "Simu yangu? Simu yangu iko kwa sufuria, imezimwa." Kariuki akasema, "Ya pili je? Si mwaka ulianza ukiwa na mbili?" Wafula akaanza kusimama aelekee kabati na Kimani akaziba njia, mkono kwa mlango wa kabati. "Wewe kaa. Unataka kutuonyesha nini hapa?" Wafula aliniangalia mimi. Akaniuliza polepole, "Nyambura, umeangalia sufuria?"

Sikuwa nimeangalia. Kabati lilikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa nimeketi mechi nzima. Ningeinuka nifungue tu.

"Nimeangalia," nikasema.

Basi. Iliisha hapo. Kimani alitoa simu kwa sufuria na vidole viwili, kama kitu kichafu, akampa, na ilikuwa imezimwa, na hakuna aliyejali kwamba imezimwa kwa sababu mimi nilikuwa nimesema nimeangalia. Wafula alichukua koti. Mlangoni aligeuka akasema, "Mimi si mtu wa hiyo," akaenda. Upande wa pili wa ukuta akina mama walikuwa wanamaliza na Baba Yetu. Jioni hiyo alinipigia mara kumi na moja. Kimani alisema tumfungie sote, na nikamfungia. Tukabadilisha paswadi ya wifi. Jumamosi iliyofuata ping ilikuwa kumi na nane kutoka mwanzo hadi mwisho, na Kariuki akapiga meza akasema, "Mnaona? Mnaona sasa?" Tuliona. Kiti cha karibu na dirisha kilikuwa changu sasa, na nilikipenda.

Tulishinda tatu mfululizo tukaingia fainali. Zikiwa zimebaki siku kumi, Jumatano asubuhi, mama aligonga dirisha akaniita jikoni. Alikuwa amechemsha ngwaci, viazi vitamu, na chai ya maziwa mengi, akanisukumia sahani, na nilijua kuna kazi. Akatoa simu mfukoni mwa aproni, imefungwa kwa kitambaa. "Nyambura, wewe ni mtu wa hivi vitu. Hii simu imekataa. Wangui yuko Doha, anajua Jumamosi saa tisa nampigia ya video, namweka hapa kwa bakuli ya sukari, tunasali na yeye na jumuiya yote. Aki hata huwa anaimba sauti ya pili. Sasa mwezi unaisha haishiki. Anafikiri nimemsahau." Nikauliza alikuwa anatumia intaneti gani. Akacheka kidogo, ile ya kukamatwa. "Yenu. Wafula aliniwekea wakati alinipa hii simu, ilikuwa yake ya zamani, kabla hamjaanza mashindano yenu. Aliniambia ni ya kupigia mtoto tu. Kwani nimefanya vibaya?" Nilifungua mipangilio. Jina la simu: Wafula. Nikanywa chai ya moto nikajichoma ulimi. Mama akaendelea, anapanguza meza ambayo ilikuwa safi, "Na huyo kijana alienda wapi? Si mtu wa kuondoka bila kuaga."

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilifikiria nini kabla ya kujibu, na ukweli ni kwamba nilifikiria kiti. Nikisema, Wafula anarudi na mimi narudi kupiga makofi. Nikisema, Kimani atajua sikuangalia sufuria. Nikampa mama simu yake. "Mama, hii simu imezeeka. Haiwezi tena." Akasema, "Ngai, hata hii?" akaifunga tena na kitambaa, taratibu, akairudisha mfukoni. "Na Wafula alipata kazi," nikaongeza, kwa sababu uongo mmoja hauwezi kukaa peke yake.

Fainali ilikuwa kwa ukumbi mmoja hapo Ruiru, orofa ya juu, viti vya plastiki, mafeni yanazungusha joto. Kompyuta zote sita zilikuwa zimeunganishwa kwa swichi moja, kisanduku cha kugawa waya, iliyokuwa sakafuni, hatua nne kutoka miguu yangu. Ping ilikuwa moja. Sijawahi kucheza kwa ping ya moja kabla ya hapo. Nikibonyeza, inatokea. Na nilikufa wa kwanza raundi ya kwanza, nikafa wa kwanza ya pili, na ya tatu nikasimama nyuma ya ukuta nimeganda, nasikia hatua za adui na sijui zinatoka wapi. Mtu fulani nyuma yangu alisema, "Huyo dem ndiye shimo la timu." Tulitolewa kabla ya saa sita. Hakukuwa na lag ya kulaumu. Kimani hakuniongelesha mpaka tulipofika Thika, na mwezi uliofuata kila mtu alikuwa ameenda njia yake. Siku ya kuhama niliifungulia ile simu ya mama, nikaiwekea paswadi mpya bila kumweleza. Nilidhani hiyo ni kutubu.

Sasa mazishi. Tulimzika mama Gatuanyaga, nje ya Thika, kwa shamba lake, Jumamosi, vumbi jekundu mpaka kwa kope. Wangui alikuwa amerudi kutoka Doha, mwanamke mzima, amenenepa, analia bila kujificha. Kimani alikuwa anapanga viti akijifanya ana kazi nyingi. Na nilimwona Wafula kwa mstari wa chakula, mvi mbili tatu kwa ndevu, tumbo kidogo, ameshika sahani mbili, moja akampelekea bibi kizee aliyekuwa hawezi kupanga mstari. Nilikuwa nimejiandalia maneno kutoka Ruiru mpaka hapo. Nikamfuata nyuma ya hema, mahali pa masufuria, na maneno yote yakapotea, nikabaki na moja. "Wafula, sikuangalia sufuria."

Hakushtuka. Alitafuna akamaliza, akameza. "Najua," akasema. "Nilikumbuka ile simu ya mama nikiwa njiani nyumbani siku ile ile. Ndiyo maana nilikupigia. Mara kumi na moja, Nyambura." Nikamwambia nilikuwa nimemfungia. "Hiyo pia najua." Akaweka sahani chini ya mti wa miiba, akapanguza mikono. "Nilikuwa nakuja kumwona mama, baadaye, nikiwa na siku ya off kiwandani. Aliniambia vile ulishika hiyo simu ukaiangalia, ukabadilika uso, halafu ukamwambia imezeeka. Yeye hakuelewa. Mimi nilielewa. Kwa hivyo miaka nane nimejua kwamba unajua." Nilianza kulia, na nilikasirika na machozi yangu, kwa sababu wa kuhurumiwa hapa si mimi. Nikamwuliza mbona hakuja kuniambia, kunitukana, kitu chochote. "Ningekutukana unipe nini? Kazi nilishaingia wiki ile ile. Mimi sina haja ya kuambiwa, mimi nilikuwepo." Halafu akasema kitu ambacho tangu wakati huo hakinitoki. "Mjomba wa Kimani alikuwa anafanya kazi na baba kiwandani. Alimwambia mbele ya watu, kijana wako anauza mechi. Mimi nikafika nyumbani nikamweleza baba yote, simu, mama, nyimbo, yote. Unajua aliniambia nini? Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hatujawahi kuongea tena juu ya hiyo siku. Tunaongea mahindi, tunaongea kanisa. Lakini mzee anajua mtoto wake ni mwizi, na ananipenda tu hivyo hivyo, na mimi nimechoka kupendwa hivyo."

Nikamwuliza baba yake yuko wapi sasa. Alistaafu, yuko Lugari. Nikasema nitaenda nimwambie, nitatafuta siku. Wafula akatikisa kichwa. "Wewe na siku zako," akasema, na akatoa simu. Alibonyeza akaweka sauti kubwa. Mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilitaka kukimbia, kweli kabisa, mwanamke wa miaka thelathini na tano.

"Habari yako, Baba."

"Mzuri. Mmemaliza kuzika?"

"Tumemaliza. Kuna mtu hapa anataka kukuongelesha." Akanipa simu na akaondoka hatua mbili, akanipa mgongo.

"Habari yako, mzee. Naitwa Nyambura. Nilikuwa na Wafula kule Ngoingwa, kwa ile timu." Halafu sauti ikafika, imechelewa, "Endelea." Nikaendelea. Nikamwambia, "Mzee, Wafula hakuuza mechi. Mimi ndiye nilisema nimeona simu yake. Ilikuwa simu aliyompa mama mwenye nyumba, mama alikuwa anasali nayo na binti yake. Wafula aliniuliza mbele ya watu kama nimeangalia, nikasema nimeangalia, na ilikuwa uongo. Halafu nikajua ukweli kabla ya fainali, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimekaa kwa kiti chake. Yote aliyokueleza siku ile ilikuwa kweli."

Kimya. Sikujua ni mtandao ama ni yeye. Mimi kazi yangu ni kujua hiyo tofauti na sikujua. Wafula hakugeuka, lakini niliona mabega yake yamesimama, hapumui. Nikasikia kiti kikivutwa kwa sakafu ya saruji, mbali huko. Nikasikia mzee akiita, mdomo ukiwa mbali na simu, "Mama Wafula! Wacha hiyo kuni, kuja hapa. Kuja!" Kisha sauti yake ikarudi karibu, imevunjika katikati.

"Binti, hebu sema tena. Sema polepole, mama yake pia asikie."

Nikasema tena, yote.